Sungusungu wa Odeta

"Shangazi, maji yanaingia kwenye gauni!"

"Acha yaingie, gauni litakauka njiani. Jicho lisipofunguka leo, hilo gauni tutavaa tuende nalo wapi?"

Shangazi Dorcas alikuwa amemsimamia Odeta pale kwenye kigoda, mkono mmoja umemshika kisogo, mwingine umembana kwenye jicho la kushoto kipande cha barafu kilichofungwa ndani ya leso nyeupe. Barafu ile aliinunua mwaloni kwa wauza samaki, akaomba ilale kwenye friji ya jirani, na asubuhi akaivunja kwa mchi wa kutwangia karanga. Leso ilikuwa na ua la zambarau kwenye pembe. Odeta alilidarizi mwenyewe zamani kidogo, macho yake yalipokuwa bado yanamtii.

Dorcas akaitoa leso. Ile kope iliyokuwa imelala kama pazia lililokatika kamba ikaanza kupanda, polepole, mpaka jicho lote likatokea, jeusi, limelowa, linang'aa.

"Huyoo!" Dorcas akapiga makofi. "Huyo ndiye Odeta wangu. Hebu tabasamu nikuone."

Odeta akatabasamu. Asubuhi tabasamu lake lilikuwa bado zima, pande zote mbili zinapanda sawasawa.

"Basi ligandishe hapo hapo mpaka yule mama afike."

"Haligandi, shangazi. Na barafu nayo ni ya muda mfupi tu, unajua."

"Najua. Kwa hiyo nimebeba nyingine." Dorcas akainua chupa ya chai, ile nyekundu yenye picha ya tausi, akaitikisa. Ndani zikalia kokoto za barafu.

Odeta akacheka hadi akashika ubavu. Nyumba yao ya Buhongwa ilikuwa ndogo, chumba na sebule, cherehani imewekwa dirishani kufuata mwanga, na vipande vya vitenge vya wateja vinaning'inia kwenye kamba kwa mpangilio wa rangi. Kabla ya ugonjwa alikuwa akishona sare za kwaya nzima bila kuinua kichwa. Siku hizi akishona pindo moja mikono inalegea, uzi mmoja anauona kama nyuzi mbili, na nyama akiitafuna taya linachoka kabla hajameza. Akipumzika nguvu zinarudi. Akijitahidi zinaondoka tena. Ugonjwa huo ni wa nadra na una jina refu la kidaktari ambalo Dorcas amejaribu kulitamka mara nyingi, akaishia kuuita "huo uchovu wako."

"Kunywa dawa na uji," Dorcas akasema. "Halafu nikuambie jambo. Leo usipige magoti. Msalimie umesimama, mpe mkono, basi."

"Shangazi! Yule ni mama yake Shigela. Mama wa Kisukuma nimsalimie nimesimama wima kama mlingoti?"

"Ukipiga magoti hutainuka. Unataka yale ya mwezi uliopita?"

Odeta akashusha kikombe. Uji ukapoteza ladha mdomoni.

Mwezi uliopita Shigela alimpeleka kijijini kwao, upande wa Magu, kumtambulisha kwa mama yake, Mama Selina. Walifika jioni, wametoka kwenye vumbi la safari, na jioni ndiyo adui mkubwa wa Odeta. Alipiga magoti pale uani mbele ya yule mama, akasema "Shikamoo, mama," na wakati uleule kope zikashuka nusu. Akajaribu kutabasamu, mdomo ukapinda upande mmoja kama wa mtu aliyenusa kitu kibaya. Akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akabaki pale chini, macho nusu, mdomo umepinda.

Mama Selina hakuitika. Alimtazama juu hadi chini, akageuka, akaingia kwenye zizi la ndama. Mwanawe alipomfuata alimwambia bila kupunguza sauti: "Huyo msichana ana dharau. Ananitazama kama nimemkopa, ananibetulia mdomo, halafu anagoma kuinuka mpaka nimwombe. Hakuna hata mtamba atakayetoka zizini kwangu kwa ajili yake."

Shigela alitaka kueleza, Odeta akamkataza. "Usimwambie ninaumwa. Akinikubali kwa kunihurumia nitaishi na huruma yake maisha yangu yote. Nataka anipende kwanza." Shigela akafunga mdomo, na mdomo ule uliofungwa ukazaa mengine: Mama Selina akasikia kwamba jirani yake ana binti mkimya, mchapakazi. Jumapili ijayo alikuwa aende kumposea mwanawe.

Ndipo Odeta akabadilisha mawazo. Maabara anayofanyia kazi Shigela iliwaalika wagonjwa wanaotoa damu kwa utafiti waje na ndugu zao, waone damu ile inafanya nini. "Mwite mama," Odeta alimwambia. "Ajue yote, na aamue siku hiyohiyo. Akinikataa, anikatae mimi, asimkatae mwingine anayedhani ni mimi."

Mama Selina aliambiwa tu aje aone mwanawe anafanya kazi wapi.

*

Maabara ilijengwa kwenye mteremko, katikati ya mawe makubwa kama nyumba, na ukikaa kwenye benchi la baraza unaliona ziwa lote limetandazwa chini yako, maji ya buluu iliyoiva na mitumbwi midogo kama mbegu za tikiti. Odeta na shangazi yake walishuka kwenye bajaji mapema, hewa ingali baridi. Gauni lilikuwa limeshakauka. Lilikuwa la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, mikono mifupi yenye marinda.

Shigela akatoka mbio na koti lake jeupe. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwanya, na anapomwona Odeta hawezi kuuficha ule mwanya hata akiwa mbele za watu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mama yuko wapi?"

"Amenipigia, ameshashuka stendi. Lakini amekuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, na waendesha bodaboda wanakikataa, wanasema kitawamwagikia. Anakuja kwa miguu."

"Kutoka Nyamagana? Kwa miguu?" Dorcas akashika kiuno. "Na huu mlima?"

"Mama yangu akisema anatembea, shangazi, anatembea."

Wakakaa kusubiri. Jua likapanda juu ya mawe, mijusi wekundu wakatoka kuota. Odeta akahisi ule uzito anaoujua ukimshukia shingoni. Dorcas aliuona. Akasema anaenda msalani, akawaacha wawili, na hakuwa na haraka ya kurudi.

"Unanionaje sasa?" Shigela akauliza kwa sauti ya chini, akakaa karibu.

"Wawili."

"Wote wazuri?"

"Mmoja mzuri. Mwingine anajipendekeza."

"Huyo wa pili ndiye mimi."

Odeta akacheka, akainamisha kichwa ili Shigela asione mdomo wake unavyopinda. Shigela akamshika kidevu, akakiinua taratibu.

"Usinifiche. Siku ya kwanza ulinifanyia nini pale kwa mama lishe?"

"Sikukufanyia kitu."

"Ulinikonyeza. Mbele ya watu wanaokula ugali."

"Kope ilianguka! Nilikwambia palepale, kaka samahani, sijakukonyeza, kope imeanguka."

"Nami nikasema nini?"

"Ukasema..." Odeta akajifanya amesahau.

"Nikasema, basi iache iangukie kwangu. Na ipo kwangu mpaka leo, sijaiona ikirudi."

Upepo wa ziwa ukapita kati yao, ukachukua harufu ya dagaa wanaoanikwa huko chini. Odeta alimtazama kwa jicho moja, lile lililobaki wazi, na jicho lile moja lilikuwa limejaa maneno ambayo mawili yasingeyatosha.

"Shigela, leo mama akisema hapana?"

"Atakuwa amesema."

"Nawe?"

"Mimi siwezi kuoa kwa kumruka mama yangu, Odeta. Baba alipofariki alinilea peke yake, anakamua, anachunga. Lakini siwezi pia kwenda kwa binti wa jirani na moyo ambao haupo. Nikikosa wewe nitabaki hivi hivi, nimevaa koti jeupe, nazeeka na chupa za maabara."

"Usiseme hivyo."

"Basi omba Mungu mama apende kuuona mwili wa mtu kwa ndani."

*

Mama Selina alifika na kibuyu chake kichwani, kimefunikwa kwa majani mabichi, viatu vya raba mkononi ili visichakae. Hakuwa amehema hata kidogo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa mara mbili kiunoni. Alimwona mwanawe, akang'aa. Kisha akamwona aliyekaa kando yake, na uso ukafunga kama duka.

Odeta akasimama. Dorcas, aliyekuwa anarudi, akampa ishara ya mkono kwa mbali: usipige, usipige!

Odeta akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. Kope zote mbili zikashuka nusu. Akajaribu kutabasamu, akajua mwenyewe, kabla hajakiona kwenye uso wa yule mama, kile mdomo ulichokifanya.

Mama Selina akageukia mwanawe. "Umenitembeza mlima huu wote nije nibetuliwe mdomo tena?"

"Mama, ngoja..."

"Mwambie ainuke. Watu wanatuangalia."

"Hawezi kuinuka, mama."

"Hawezi au hataki?"

"Hawezi!" Dorcas akafika anapepea mikono. "Hawezi, mama wee! Ungekuwa umemwitikia siku ile badala ya kukimbilia ndama, ungeambiwa!"

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni shangazi mtu. Nilimlea huyu. Hajui dharau, hata kuku wangu anawaamkia!"

Shigela alikuwa amekwisha kumwinua Odeta, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyezoea. Mama Selina aliuona ule mkono ulivyokwenda mahali pake bila kutafuta. Akainua uso, akafungua kinywa, lakini kabla hajasema, mlango wa maabara ukafunguka.

"Karibuni, karibuni ndani. Ndiye mama yake Shigela huyu? Shikamoo mama. Tumesubiri hayo maziwa tangu asubuhi." Alikuwa Daktari Hadiya, mkuu wa maabara, mama mfupi mwenye mtandio wa waridi. Akampokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza kwa heshima yote, na mgeni aliyepokelewa hivyo hana njia ya kuondoka.

Ndani Mama Selina akanusa. "Mbona panatoa harufu kama josho la ng'ombe?"

"Ni dawa ya kusafishia, mama," Shigela akasema. "Kaa hapa. Nataka nikuonyeshe kazi yangu, ndiyo niliyokuitia. Habari za Odeta nitakueleza humohumo."

Mama akakaa ukingoni mwa kiti, bila kuegemea. Odeta alibaki mlangoni, ameshikilia mkono wa shangazi yake.

"Mama, unawakumbuka sungusungu wa kule nyumbani?"

"Nitawasahauje? Baba yako alikuwa mmoja wao. Filimbi yake mpaka leo ninayo."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Mwizi wa ng'ombe akipita wanapiga filimbi, wanamzingira, wanamkamata. Unaniuliza kama hujui?"

"Mwilini mwa kila mtu kuna sungusungu hao. Sisi tunawaita kingamwili. Wamo kwenye damu. Mdudu wa homa akiingia, wanamzingira."

"Vizuri. Wana kazi."

"Sasa kwa Odeta kuna kundi limekosea. Limemkuta mwenye nyumba mlangoni kwake, likamdhania mwizi. Limemshikilia."

Mama Selina akakunja uso. Ilishawahi kutokea kijijini kwao, na alikumbuka. "Mwenye nyumba ni nani hapo?"

"Msuli. Kichwa cha Odeta kinaiambia kope, panda. Ujumbe unakwenda, unafika mlangoni, sungusungu wameziba mlango. Kope haipandi. Kinauambia mguu, inuka. Mguu hausikii."

Mama aliinamisha macho. Vidole vyake vilikuwa vinachezea pindo la kitenge.

"Na mdomo," akasema mwishowe. "Kikiuambia mdomo, cheka?"

"Mdomo nao, mama."

Mama akageuka, akamtazama Odeta pale mlangoni, halafu akarudisha macho kwa mwanawe.

"Endelea," mama akasema.

Shigela akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa na furaha ya mtu anayependa kazi yake. Akamweleza kwamba Odeta akizidiwa, hospitali wanamtoa maji ya njano ya damu yaliyojaa wale sungusungu waliopotea, wanamwekea mengine safi. Yale ya njano yangemwagwa. Odeta alisema msiyamwage, yapelekeni kwa wanaotafiti. Yeye Shigela anayapitisha kwenye mrija mwembamba wenye punje ndogo nyeupe.

"Kama lango la josho, mama. Ng'ombe wanapita mmoja mmoja, wa watu wengine unawaacha waende, wenye alama yako unawazuia. Punje zile zinawazuia sungusungu tu. Halafu nawamiminia maji yenye ukali kidogo kama wa ndimu, wanaachia, wanateremka peke yao, wasafi."

"Unawafanyia nini wakishakuwa wasafi?"

"Nawaweka juu ya kipande cha msuli kwenye kioo, naangalia wanashika wapi. Tukijaribu dawa ya kuwazuia wasishike, tunaiona hapa kwanza kabla ya kumpa mtu. Na akija mwingine ambaye kope inaanguka, ndugu zake wamezunguka kwa waganga wanasema amerogwa, tunaipima damu yake kwa kuilinganisha na hii."

Akamshika mkono, akampeleka kwenye kichumba chenye pazia jeusi. Humo kulikuwa na giza na hadubini moja. Mama Selina akainama, akafumba jicho lisilotakiwa, akafumbua linalotakiwa.

"Eee!" akasema. "Vimulimuli!"

"Unaviona?"

"Ninaviona! Vya kijani! Kama kule bondeni mvua zikianza!" Akabaki ameinama muda mrefu, mgongo wake ulionyooka umesahau kunyooka. "Ndio wao?"

"Ndio wao. Tumewapaka rangi inayowaka. Pale panapong'aa ndipo mlangoni wanapokaa."

"Na hawa ni wa nani?"

"Hilo silijui, mama. Wagonjwa wanaotoa ni kadhaa, na chupa zinanijia na namba tu. Daktari peke yake ndiye anajua. Ni siri ya mgonjwa."

Nyuma yao Daktari Hadiya akakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. "Hajui jina la mgonjwa, lakini amewapa jina mwenyewe. Mwulize anawaitaje hao."

"Daktari, tafadhali."

"Kila asubuhi akifungua friji: 'Umeamkaje, Mchumba?' Chupa nyingine zote zina namba. Hiyo moja ndiyo Mchumba."

Dorcas akapasuka kicheko kule mlangoni. Shigela akajikuna shingo. "Kwa sababu hao wakishika hawaachii," akajitetea. "Wengine nikiwasuuza wanalegea. Hawa hapana."

"Daktari." Ilikuwa sauti ya Odeta. Ilikuwa imeanza kuzama puani, kama inavyokuwa akichoka, lakini kila neno lilifika. "Siri ni yangu, sivyo? Mwambie. Mimi naruhusu."

"Una hakika, binti?"

"Nina hakika. Mama yake yupo, shangazi yangu yupo. Sema."

Daktari Hadiya akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Shigela, huyo Mchumba unayemsalimia kila asubuhi ndiye huyo aliyesimama mlangoni."

Shigela akageuka. Alimtazama Odeta katika ule mwanga mdogo, akatazama hadubini, akamtazama tena. Mwanya ukaonekana. Kisha macho yake yakalowa, akacheka na kulia kwa pamoja bila aibu yoyote.

"Kumbe nilikuwa nakuamkia hata siku uliyokasirika ukakataa kupokea simu," akasema.

*

Walipotoka kwenye giza Mama Selina alikaa kitini, safari hii akaegemea. "Nipeni hata chai kidogo," akasema. Akaiona ile chupa nyekundu ya tausi mapajani mwa Dorcas, na kabla Dorcas hajamzuia akaitwaa, akafungua, akaielekeza kwenye kile kikombe cha kifuniko.

Kokoto za barafu zikamwagika, zikalia kikombeni, nyingine zikaruka mpaka sakafuni.

"Hii chai ya wapi?"

"Siyo chai, dada," Dorcas akasema kwa unyonge. "Ni ya jicho. Ubaridi ukikaa kwenye kope, wale sungusungu wako wanashindwa nguvu kidogo, mlango unafunguka. Niliibeba ili ukifika umkute anakutazama vizuri."

Mama Selina alizitazama zile barafu zikiyeyuka. Akamtazama huyu mwanamke aliyebeba barafu kwenye chupa ya chai kutoka Buhongwa ili mtoto wa kaka yake aonekane ana adabu.

"Daktari," akasema, "nikuulize swali la mzee. Mjukuu?"

"Anaweza kuzaa, mama. Anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mtoto harithi ugonjwa huu kama anavyorithi sura. Lakini wachache huzaliwa na sungusungu wa mama yao ndani yao, wanakuwa wanyonge majuma machache, kunyonya kunawachosha. Tunawatunza hospitali mpaka wale wa mama waishe mwilini. Huwa wanapona."

"Wanyonge, hawanyonyi vizuri, halafu wanapona." Mama Selina akatikisa kichwa taratibu. "Ndama wa namna hiyo nimewakuza kwa chupa, nikilala nao jikoni. Wengine leo ndio madume ya zizi. Mimi mtoto mnyonge hanitishi. Mimi nilikuwa nachukia dharau tu."

Akaokota kipande kikubwa cha barafu, akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake mwenyewe. "Njoo hapa, mwanangu. Kaa."

Odeta akakaa. Mama Selina akamwekea barafu kwenye jicho, kwa mkono mzito uliozoea viwele vya ng'ombe, mzito lakini hauumizi. Maji yakateremka shavuni, yakaingia kwenye gauni la ndege wa manjano, na safari hii Odeta hakulalamika.

"Ulikuwa unanichekea siku ile," mama akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Ukiwa pale chini, miguu haisikii, ulikuwa bado unanichekea."

"Nilikuwa nimefurahi kukuona."

Mama Selina akaondoa kitenge. Kope ikapanda. Jicho likafunguka lote, likamtazama usoni kwa karibu, wazi, bila pazia, na yule mama aliyekuwa ametembea mlima mzima bila kuhema akahema.

"Kumbe ni mzuri hivi," akasema, kama anajiambia.

"Shikamoo, mama," Odeta akasema, akaanza kuteremka kutoka kwenye kiti.

"Kaa! Usithubutu. Ya leo ulishapiga, na ya siku ile ulishapiga." Mama Selina akashika ukingo wa meza, akateremka mwenyewe, goti moja, halafu la pili, yakalia kama kuni kavu. Akawa chini pale sakafuni kwenye maji ya barafu, uso wake sawa na magoti ya Odeta. Akaishika mikono yake yote miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na ile uliyonipa uani kwangu, nikaiacha chini bila kuiokota. Marahaba. Zote mbili."

Odeta akamwangukia mabegani, wakawa wote wawili chini. Dorcas akajifuta macho na ile leso ya ua la zambarau, iliyokuwa mbichi tayari. "Na Jumapili, dada? Nasikia una safari."

"Ninayo. Nitakwenda kwa jirani yangu kumwambia binti yake ni mzuri sana na amtafutie mtu mwingine. Ng'ombe wangu wamepata njia ya Buhongwa." Akajaribu kuinuka, akashindwa, akacheka. "Haya sasa. Nani anatuinua?"

Daktari Hadiya alikuwa anatafuta vikombe vya maziwa. Shigela akasogea, akanyoosha mikono.

Odeta akatazama juu. Nguvu ya barafu ilikuwa imekwisha, na mbele yake walisimama Shigela wawili wenye makoti meupe na mwanya uleule, mmoja anamwinamia mama yake, mwingine anamwinamia yeye. Aliwaona wamemtosha kabisa, akacheka. Kope zikashuka nusu, mdomo ukapinda upande mmoja.

Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita akasimama mlangoni kwa wasiwasi. "Jamani, huyo dada amekasirika?"

"Amekasirika wapi!" Mama Selina akamjibu kutoka sakafuni, bado amemshika mkono mkwewe. "Huyo anacheka. Mimi ninamjua anavyocheka."